Kilebu Hafunzwi kwa Bakora

Ukimtaja mbwa barazani kwetu, mazungumzo huwa yamekwisha kabla hayajaanza. Mmoja atavuta pindo la kanzu kana kwamba mnyama yuko pale pale miguuni, wa pili atakumbusha habari ya kuosha mara saba, na wa tatu atauliza kama umekosa la maana la kuandika gazetini hata ukawaandikia Waislamu habari za mbwa. Nami nasema, ndugu msomaji, jambo hili lina maana, na lina maana kwetu watu wa pwani kuliko kwa wengine, kwani mbwa wapo. Wapo Kisauni na Likoni, wapo nyuma ya kuta ndefu za Nyali, wapo katika mashamba ya Kwale na Kilifi wakilinda mahindi na mihogo dhidi ya tumbili na nguruwe mwitu. Wenye hao mbwa si wageni watupu. Wengi ni watu wanaoswali swala tano, na wamemweka mbwa kwa sababu mwizi na tumbili hawana dini. Basi ikiwa mbwa wapo, na hawataondoka kwa sababu sisi tumenyamaza, swali lililobaki ni hili: wanaishi nasi vipi?

Wanaishi nasi vibaya. Kilebu huletwa nyumbani akiwa hajatimiza hata miezi miwili, akafungwa mnyororo chini ya mwembe au nyuma ya choo, akatupiwa ukoko wa sufuria usiku watu wakishakula. Hakuna amwambiaye neno ila la kufukuza. Watoto wa jirani humrushia mawe wakienda na wakirudi, na mwenyewe akimwona amelala huona kuwa ni mvivu, humchapa. Akimwona analia huona kuwa ni kero, humchapa vile vile. Mwaka ukipita kilebu amekuwa jibwa, hajui lolote katika dunia hii ila kwamba binadamu ni kiumbe cha kuogopwa, na siku mnyororo unapokatika humuuma mtoto aliyekuwa akienda chuoni na juzuu yake kifuani. Hapo mtaa mzima hutoka na marungu. Wazee walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na watu wengi huipokea methali hiyo kuwa ni sifa ya msasi. Mimi naisikia kuwa ni shtaka.

Sasa kuna chombo kimoja kidogo, ukubwa wake kadiri ya nusu ya kibiriti. Kwa nje ni plastiki, na ndani mna kibati cha chuma kilichobonyea kidogo. Ukikibonyeza kwa kidole gumba hulia "tak", kavu na kali, sauti ambayo haifanani na sauti yoyote nyingine ya nyumbani. Wazungu hukiita klika. Mimi ningependa kukiita kidoko, kwa kuwa lugha yetu imekwisha kuwa na neno hilo. Kidoko ni ile sauti ya ulimi unapobanduka kaakaani, ambayo mwenye punda huipiga anapotaka punda wake aende. Lakini tofauti ipo, nayo ndiyo roho ya mambo yote haya. Kidoko cha mwenye punda ni amri. Kidoko hiki cha mkononi si amri hata kidogo, wala si cha kumwita mbwa, wala si cha kumshtua. Kinamwambia kilebu maneno haya tu: hilo ulilolifanya sasa hivi, papo hapo, ndilo nilitakalo, na ujira wako unakuja.

Kilebu hajui maana hiyo siku ya kwanza, hufundishwa. Unakaa naye mahali penye utulivu, unabonyeza, unampa kipande cha nyama kama punje ya mbaazi. Unabonyeza tena, unampa tena. Mara kumi, mara kumi na tano, hata ufike wakati ambapo sauti ikilia yeye mwenyewe hugeuza kichwa kutafuta chakula. Hapo sauti imekuwa ahadi, na kazi inaanza. Unamngoja. Vilebu hawatulii, hufanya hili na lile, na katika hayo mengi atafika pahali aketi kitako. Kitako kinapogusa ardhi, tak, na kipande hufuata. Atainuka, atazunguka, ataketi tena kwa bahati yake, tak. Baada ya siku mbili tatu ataketi makusudi huku akikutazama usoni, kama mtu aliyegundua pesa zinakofichwa. Ndipo unapoanza kulitia neno, ukisema "keti" kabla hajaketi, mpaka neno na tendo vishikane.

Kwa nini sauti, wala si nyama peke yake? Kwa sababu mkono una mwendo wake. Kabla hujafika mfukoni kilebu ameshainuka na anaruka. Ukimpa nyama wakati huo umemlipa kwa kuruka. Sisi tutungao mashairi tunalijua jambo hili kwa njia nyingine: kina kikianguka silabi moja mbele au silabi moja nyuma, hakisaidii kitu hata kiwe kizuri namna gani. Kidoko kinaangukia penyewe. Na sheria yake nyingine ni kwamba kila mlio una malipo yake, hata kama ulibonyeza kwa kukosea. Ahadi ni deni. Mbwa aliyedanganywa na sauti mara ishirini huacha kuiamini, na haki iko upande wake.

Njia hii ina historia, na si ndefu. Katika Vita Vikuu vya Pili, mtaalamu wa Kimarekani B. F. Skinner alikuwa akiwafunza njiwa kwa ajili ya kuongoza makombora, mradi ambao haukutumika vitani. Wanafunzi wake wawili waliokuwa katika kazi hiyo, Keller Breland na mkewe Marian, waliondoka na elimu hiyo wakafungua biashara ya kuwafunza wanyama mwaka 1943. Mwaka 1951 Skinner mwenyewe aliandika makala katika jarida la Scientific American akiwaeleza watu wa kawaida jinsi ya kumfunza mnyama, akawapendekezea watumie kile kidude cha watoto cha kuchezea kinacholia kama nyenje. Kidude hicho kilikuwa kimekwisha kufanya kazi kubwa zaidi ya mchezo: usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 askari wa miavuli wa Kimarekani waliruka Normandy, kule Ufaransa, wakiwa na vidude vya namna hiyo vya shaba, ili gizani mmoja abonyeze mara moja na aliye rafiki ajibu mara mbili.

Hata hivyo wenye mbwa hawakumsikia Skinner. Waliendelea na ukamba wa shingoni na kofi la mgongoni kwa miaka arobaini mingine. Walioiweka njia hii hai walikuwa watu wa baharini, na sababu yake ni ya kuchekesha: pomboo hachapiki. Huwezi kumtia ukamba, na ukimuudhi huenda zake upande wa pili wa bwawa akakuacha na hasira zako na ndoo yako ya samaki. Karen Pryor, aliyeanza kuwafunza pomboo huko Hawaii mwaka 1963, alitumia firimbi na samaki, basi. Mwaka 1984 alitoa kitabu alichokiita Don't Shoot the Dog, na katika miaka ya 1990 kidoko kikaingia majumbani mwa watu wenye mbwa, kwanza Marekani, kisha kwingineko. Kwa maneno mengine, mbwa alipunguziwa bakora kwa sababu ya mnyama ambaye bakora haimfikii.

Wala usidhani mambo haya ni ya mbali. Morogoro, hapo kwa ndugu zetu wa Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji limekuwa likiwafunza panya buku tangu mwaka 2000. Ndiyo, panya buku wale wale tunaowafukuza shambani. Hufunzwa wangali wachanga kwa kidoko na chakula, ndizi na njugu, wajue kunusa baruti iliyofukiwa ardhini. Wengine hufunzwa kunusa vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya hawa wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Morogoro, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na katika miaka mitano alifichua zaidi ya mabomu mia moja na vitu vingine vya milipuko. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Kiingereza la PDSA, wa kwanza katika jinsi ya panya. Alikufa Januari 2022. Uzito wake ulikuwa kilo moja na kidogo, kwa hiyo alikanyaga juu ya bomu bila kulilipua. Ikiwa panya buku amefunzika hivyo bila hata pigo moja, anayesema kilebu hafunziki bila fimbo ana kazi ya kutueleza.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua msomaji analingoja. Je, haya ni ya Kizungu? Je, Mwislamu ana haja gani ya kukaa chini na kumfundisha mbwa?

Fungua Suratul Maida, aya ya nne. Pale Mwenyezi Mungu anahalalisha kuliwa kwa kile walichokamata wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na anaeleza kwamba wanafunzwa kutokana na ile elimu ambayo Yeye mwenyewe amewafundisha watu. Neno la Kiarabu lililotumika pale kwa wafunzaji, mukallibina, linatokana na neno kalb, nalo ni mbwa. Tafakari kidogo. Kumfunza mbwa hakukutajwa kuwa ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Kumehesabiwa katika elimu, na elimu hiyo imetajwa kuwa imetoka kwa Mola. Mbwa wawili wa tumbo moja, mmoja amefunzwa na mwenziwe hakufunzwa, wakitumwa kwa bismillahi wakaua paa wawili: wa yule wa kwanza huliwa, na wa yule wa pili ni mzoga. Nyama haina tofauti, mbwa hawana tofauti, kilichotofautisha ni mafunzo.

Na wanavyuoni wetu wa kale hawakuliacha neno "amefunzwa" lielee hewani. Waliuliza: amefunzwa maana yake nini? Wakajibu: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, na akikamata hamli mnyama bali humngojea bwana wake. Kisha wakauliza: mara ngapi? Wanafunzi wawili wakubwa wa Imam Abu Hanifa walisema mara tatu. Madhehebu yetu ya Shafi yaliwaachia hesabu hiyo wajuzi wa kazi yenyewe, mradi jambo lirudiwe mpaka ithibitike kuwa limekuwa tabia wala si bahati. Nilipoisoma mara ya kwanza njia ya kidoko nilishangaa kukuta kwamba walimu wake wanauliza swali lile lile, tena karibu kwa maneno yale yale. Hao hawakumsoma Imam Shafi. Ila mtu yeyote aliyewahi kumfunza mnyama kwa dhati hufika kwenye mlango huo.

Wala Waislamu wa zamani hawakumwonea haya mbwa katika vitabu vyao kama sisi tunavyomwonea. Al-Jahiz wa Basra aliandika mjadala mrefu baina ya mbwa na jogoo. Huko Baghdad, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Ibn al-Marzuban alitunga kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wale wanaovaa nguo. Nadhani kingeuzwa vizuri hapa Mombasa, hasa wakati wa uchaguzi. Na nani kati yetu, asomaye Suratul Kahf kila Ijumaa, asiyemjua yule mbwa aliyelala kizingitini kwa wale vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele?

Sitaki nisomwe vibaya. Sijaja kuhalalisha mbwa sebuleni, wala kitandani, wala kwenye kiti cha mbele cha gari kama wanavyofanya wengine. Hadithi za Mtume (S.A.W.) juu ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, na juu ya kupungua thawabu za mwenye kumfuga bila ya haja ya mawindo, mifugo au shamba, zinajulikana na kila aliyekaa chuoni, nami si mufti wa kuzigeuza. Mwenye shaka kuhusu haja yake na amuulize sheikh wake. Ninasema na yule ambaye haja yake imekwisha kuwepo, mbwa yuko uani, na kila siku anamtendea asivyopaswa. Kwani tunazo hadithi nyingine pia, ya mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa.

Na hapa ndipo ninapoona kidoko kinatufaa sisi kuliko hata hao waliokibuni. Kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi, na unajisi wake huambukiza kwa majimaji: mate yake, pua yake, mwili wake ukiwa umelowa au mkono wako ukiwa umelowa. Ndugu zetu wa Maliki wana maoni mengine, lakini sisi tumeshika yetu. Sasa angalia mafunzo ya zamani yalivyokuwa. Ili kilebu aketi, ulimkandamiza kiuno kwa mkono. Ili alale, ulimvuta miguu. Ili umpongeze, ulimpapasa kichwani naye akakulamba kiganja. Kila somo lilikuwa ni udongo na maji mara saba. Haishangazi kwamba mtu wetu aliona afadhali amfunge mnyororo akae mbali. Kwa kidoko mikono haihitajiki. Unasimama hatua mbili, unatazama, unabonyeza, unamtupia kipande chini mbele yake au unakitia katika sahani yake mwenyewe. Somo zima linaweza kwisha, na kanzu yako, na udhu wako, vikabaki kama vilivyokuwa.

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu ndio unaowagombanisha majirani zaidi ya yote. Ijumaa, mgeni amevaa nyeupe, anapita kukuchukua mwende msikitini. Kilebu anamwona, anafurahi, anamrukia kifuani. Mgeni anarudi nyuma akipiga kelele, wewe unapiga kelele zaidi, unamkimbilia kilebu kwa kiatu. Kilebu amejifunza nini? Kwamba ukimrukia mtu, watu wote huanza kucheza nawe, ila wakati mwingine mchezo huuma. Kesho ataruka tena, kwa woga na furaha vimechanganyika, na hapo ndipo meno yanapoanza. Njia ya pili ni hii. Siku za katikati ya wiki, mwite kijana wa nyumbani avae kanzu kuukuu asimame mbali, kilebu akiwa amefungwa kwa ukamba. Miguu minne ikiwa chini, tak, kipande kinatupwa nyuma, mbali na mgeni. Mgeni anasogea hatua moja. Miguu minne chini, tak. Akiruka, hakuna neno, hakuna kofi, mgeni anageuka na kwenda zake, na mchezo umekufa. Kilebu si mjinga, baada ya siku chache atajua kwamba miguu minne chini ndiyo inayoleta nyama na kuruka ndiko kunakofukuza watu. Baadaye unamfunza mkeka wake chini ya mti, kwamba mtu akibisha hodi yeye huenda pale akaketi. Katika kumfundisha hilo watu hutumia kijiti, ambacho kilebu hulipwa kwa kukigusa ncha kwa pua, kisha hukifuata kinakokwenda. Kijiti kile kile alichokuwa akikikimbia.

Dakika tatu zatosha kwa kilebu, mara mbili au tatu kwa siku. Ukizidisha huchoka, nawe huchoka, na mtu aliyechoka hutafuta fimbo.

Sisi tuliosoma chuoni mwishoni mwa miaka ya 1970 tuliijua bakora kabla ya kuijua alifu. Waliotufundisha Mungu awarehemu na awalipe kheri, kwani walitupa Kurani, na aliyekupa Kurani hana deni kwako. Lakini kila ninapofikiri juu ya kidoko hunijia mwalimu mmoja wa kike, mzee, aliyekuwa akifundisha uani kwake watoto wa mtaa. Yeye bakora yake ilikaa juu ya kabati. Herufi ya dhadi ilikuwa imetushinda sote. Hutoka ubavuni mwa ulimi, na ulimi wa mtoto huikimbilia dali au dha. Mwalimu huyo alitwambia tujaribu, tujaribu tena, naye ameketi kimya kabisa macho ameyafumba. Tukikosea hakusema neno. Ile mara moja sauti ilipotoka mahali pake, aligonga ubao kwa ukucha: ko! Hapo ulimi wenyewe ulijua umekuwa wapi. Wengine walipigwa kwa ajili ya dhadi mwaka mzima na mpaka leo husema dali.

Najua kuna atakayemwandikia mhariri kwamba nimewafananisha watoto na mbwa. La, mtoto ana akili, ana roho, na ana mengi ya kufunzwa ambayo hayawezi kununuliwa kwa kipande cha nyama. Nilichofananisha ni mwalimu na mwalimu: anayengoja kosa ili apige, na anayengoja sawa ili agonge. Daktari mmoja wa upasuaji wa mifupa huko New York, Martin Levy, ambaye pia hufunza mbwa, aliijaribu njia ya kidoko kwa wanafunzi wake wa udaktari katika kufunga mafundo ya nyuzi na kutoboa kwa keekee, na mwaka 2016 yeye na wenzake walitangaza kwamba waliofunzwa hivyo walizifanya kazi hizo kwa usahihi zaidi kuliko walioonyeshwa tu. Nasi Kenya bakora ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Ilipoondoka, ni wangapi waliopewa kitu cha kushika badala yake? Mwalimu alinyang'anywa fimbo akaachwa mikono mitupu, na hilo ni jambo la makala nyingine.

Nirudi kwa kilebu. Kuna wanaokiuza kidoko kana kwamba ni hirizi. Si hirizi. Mwaka 2016 watafiti wa Italia waliwafunza mbwa kwa namna tatu, wengine kwa kidoko, wengine kwa neno la mdomo, wengine kwa chakula peke yake, wasione tofauti kubwa baina yao. Mimi hilo halinisumbui. Lilionipendeza katika njia hii si kibati, bali ni kumlazimisha mtu amtazame mnyama wake mpaka aone wema wake. Maana huwezi kubonyeza kwa jambo zuri ikiwa macho yako yanatafuta baya tu. Neno la mdomo lafaa, ila sauti ya mwenye nyumba aliyetoka kazini na matatu zimemkera si ile ya asubuhi, na kidoko hakina asubuhi wala jioni.

Pia tabia ya asili haifutiki. Wale Breland, baada ya kufunza wanyama wa aina nyingi, waliandika mwaka 1961 kwa unyofu wa kupendeza kuhusu walioshindikana. Rakuni, mnyama wa Marekani mwenye vidole kama vya mtu, alifunzwa kutia sarafu katika sanduku. Sarafu moja alitia. Alipopewa mbili, alizishika akazisugua moja kwa nyingine kama bahili, dakika kwa dakika, asizitie, ingawa chakula kilimngoja. Vivyo hivyo mbwa wa kulinda atabweka, ndiyo kazi yake. Usitegemee kidoko kimfanye bubu. Na jibwa lililokwisha kuuma watu si la kujaribiwa na msomaji wa makala ya gazeti, aitwe daktari wa mifugo. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilieleza mwaka 2021 kwamba mafunzo ya kulipa ndiyo yanayofaa kwa mbwa wote, hata wakali, kwa kuwa maumivu na vitisho huzidisha woga na ukali. Lakini kulipa jibwa kali kuna ujuzi wake. Na chanjo ya kichaa cha mbwa itangulie yote haya. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa watu kufa kwa ugonjwa huo, na lengo hilo halitafikiwa na mbwa ambaye hakuna awezaye kumshika achanjwe.

Gharama isiwe kisingizio. Chakula cha somo ni maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu humdhuru mbwa, au dagaa waliooshwa vizuri, na kiasi hicho kipunguzwe katika chakula chake cha jioni asije akanenepa. Kidoko chenyewe usipokipata, kalamu ya kubonyeza yatosha, au kile kifuniko cha chupa ya jamu ambacho katikati yake hubonyea na kulia, mradi sauti iwe ile ile kila siku. Kilebu akishalijua somo, chombo huwekwa kando na neno peke yake likabaki, na nyama ikaja mara moja moja tu. Wiki ya kwanza ashike mtu mmoja; nyumba yenye watoto sita, kila mmoja akibonyeza apendavyo, kilebu ataona ni ngoma tu, naye atacheza.